Datsun 240Z na GR Yaris kwenye Changarawe ya Ukambani

Dereva wa Probox anayebeba maembe kutoka vijijini Makueni hadi Wote hahitaji kufundishwa jambo hili. Kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja mbavu, ukienda kilomita 30 kwa saa gari hutetemeka hadi meno yagongane. Ukikanyaga hadi 80, mtetemo hupungua. Gurudumu hukosa muda wa kudumbukia katika kila kijifuo, likawa linarukia vileleni. Ila tairi sasa linaigusa ardhi kwa kudonoa tu, stelingi na breki zinapwaya, na mzigo wote umeiangukia shokabu.

Tuyapime kwa kipimo hicho magari mawili yaliyoshinda Safari Rally: Datsun 240Z ya Shekhar Mehta, 1973, na Toyota GR Yaris Rally1 ya Kalle Rovanperä, 2022.

Kwa nguvu, Datsun imeachwa mbali. Injini yake ya silinda sita, lita 2.4, yenye kabureta, ilitoa nguvu za farasi 200 na ushei, zote zikienda magurudumu ya nyuma. Yaris hiyo ya 2022 ilikuwa na lita 1.6 tu, lakini turbo na mota ya umeme ziliifikisha zaidi ya 500, na magurudumu yote manne yalivuta.

Ila chungulia chini ya bodi. Kanuni za Rally1, daraja la Yaris hiyo, zinaruhusu gurudumu kupanda na kushuka hadi sentimita 27. Datsun haikuwa na nafasi kama hiyo. Mbavu zikiendelea kwa muda mrefu, oili ya shokabu hupata moto, huwa nyepesi, na springi hubaki ikidunda bila wa kuituliza. Shimo linalofuata hupigwa na bodi yenyewe.

Au chukua mto wa mchanga, wa aina iliyojaa Kitui. Mwenye Datsun hushusha gia angali ukingoni, kisha huingia kwa kasi moja bila kugusa klachi. Akisita katikati, magurudumu ya nyuma huchimba kaburi lao. Kwenye Yaris, tairi za mbele zinajivuta zenyewe.

Mbona basi Datsun ilishinda? Kwa sababu mtihani wake ulikuwa mwingine. Safari ya enzi hizo ilizidi kilomita 5,000, kwenye barabara zisizofungwa, ng'ombe na malori yakiwemo. Njia ya Mombasa kupitia Emali, Makindu na Kibwezi ilikuwa sehemu yake ya kawaida. Mwaka ule Mehta na dereva mwingine, Harry Källström, walimaliza wakiwa sawa kwa adhabu, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Mwaka 2022, huko Naivasha, hatua za kushindania hazikufika kilomita 400, tena kwenye njia zilizofungwa.

Ndiyo maana Datsun ilijengwa ifunguliwe kando ya njia, kabureta isafishwe kwa bisibisi, safari iendelee. Yaris ilijengwa ikimbie vikali, kisha irudi kwa mafundi wenye kompyuta.

Kwa kasi, namchagua Rovanperä bila kusita. Lakini yule wa Probox, akifika gereji, haulizi habari za farasi. Huinama, akatazama shokabu kama zinavuja.