Willow: Wingi Ulipoacha Kuwa Mzigo

Maendeleo ya kompyuta za kwanta hupimwa mara nyingi kwa idadi ya kyubiti, yaani vipashio vyake vya taarifa, na kipimo hicho kinapotosha. Kyubiti ni kitu dhaifu. Joto kidogo tu huivuruga, hivyo kuziongeza ni kuongeza pia mahali pa kukosea. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1995 kwamba taarifa ya kyubiti moja inaweza kutandazwa juu ya tisa ili kosa moja lisiipoteze. Ila dawa hiyo ina sharti: kyubiti zikiwa mbovu kupita kiasi, zile zilizoongezwa kama walinzi huleta makosa mengi kuliko zinayoyazuia. Swali la maana basi ni moja: ukiziongeza, makosa yanapungua?

Desemba 2024 watafiti wa Google walijibu kwa chipu yao, Willow. Kyubiti zake zimepangwa kama ubao wa dama: moja hutunza taarifa, jirani yake hukagua. Mkaguzi haulizi kila jirani ana thamani gani, maana kuisoma ni kuiharibu. Huuliza tu kama jumla yao ni shufwa au witiri. Jibu likigeuka tangu raundi iliyopita ya ukaguzi, kuna kilichoharibika hapo karibu. Raundi moja huchukua takriban maikrosekunde 1.1, na kompyuta ya kawaida hupokea majibu na kukisia kosa liko wapi. Ubao ulipopanuliwa kutoka kyubiti za taarifa tatu kwa tatu hadi tano kwa tano, kisha saba kwa saba, kiwango cha makosa kilishuka kwa zaidi ya nusu kila hatua, hadi asilimia 0.143 kwa raundi. Ule mkubwa ulitumia kyubiti 101 kwa jumla, na taarifa ikadumu mara 2.4 zaidi ya ilivyodumu katika kyubiti iliyo bora kuliko zote chipuni. Katika matokeo yao ya 2023, kupanua kutoka tatu hadi tano kulishusha makosa kutoka asilimia 3.028 hadi 2.914 tu. Mpango ulikuwa uleule. Kilichoboreka zaidi ni kyubiti zenyewe.

Wapo watakaosema hiyo ni kumbukumbu tu, haijakokotoa chochote. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kosa moja kwa raundi mia saba ni mengi mno, na watafiti wenyewe wanakadiria kuwa kufikia moja kwa milioni kutahitaji kyubiti 1,457 ili kulinda moja. Lakini hesabu hiyo inawezekana kwa sababu mwelekeo umegeuka. Kabla ya hapo, kuongeza kyubiti kulikuwa karibu sawa na kutwanga maji kwenye kinu. Na mahitaji nayo yanashuka: mwaka 2019 makadirio ya kuvunja usimbaji fiche wa RSA wa biti 2,048 yalikuwa kyubiti milioni 20; mwaka 2025 mtafiti wa Google, Craig Gidney, aliyashusha chini ya milioni moja. Bado ni mbali na 101, lakini sasa umbali huo unapimika. Anayetangaza kyubiti elfu bila kueleza makosa yanashuka vipi ametaja gharama tu, faida hajaitaja.