Sifa ya Msasa

Nilipoanza kuikwangua kombi ya baba mdogo niliikuta imevaa nguo nne. Juu kabisa nyeupe iliyochujuka, ya kupakwa kwa brashi. Chini yake njano, ya miaka ilipokuwa ikibeba abiria. Chini ya njano kulikuwa na kijani kizito, na nyumbani hakuna aliye hai anayekumbuka nani alikipaka wala kwa nini. Msasa namba 80 ulipokwisha kula asubuhi yangu nzima na ngozi ya vidole viwili, ikachomoza buluu hafifu, kama maji ya ufuko wa Raskazone alfajiri kabla upepo haujaamka. Hiyo ndiyo rangi iliyotoka nayo kiwandani Ujerumani mwaka 1974. Nikaacha kusugua, nikakaa juu ya ndoo, nikaitazama kwa muda.

Huko ilikotoka, asili yake ni mchoro mdogo tu. Tarehe 23 Aprili 1947, Ben Pon, mfanyabiashara wa magari wa Uholanzi, alichora kwenye daftari lake kisanduku chenye magurudumu: dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, mzigo katikati. Tarehe 8 Machi 1950 magari ya mchoro huo yakaanza kuundwa Wolfsburg, na mwaka 1956 kazi ikahamia Hannover. Muda mfupi baada ya magari hayo kuzaliwa, kampuni ya Westfalia ilianza kuyatia vitanda na makabati, na kisanduku cha mizigo kikawa nyumba. Ya kwetu nayo ilikuwa nyumba. Hatukujua mpaka tulipong'oa zulia, tukakuta sakafuni matundu ya bolti yaliyopangika vizuri: hapa palisimama kabati, pale sinki, huku bawaba za kitanda. Juu, paa la kuinuka lilikuwa limezibwa kwa bati na kupakwa lami. Aliyeigeuza kuwa gari la abiria simlaumu hata kidogo. Kitanda hakilipi nauli.

Watu wakipita uani huuliza utapiga rangi lini, kana kwamba rangi ndiyo kazi. Rangi ni siku mbili. Kazi yenyewe ilikuwa miezi kumi na mmoja, na karibu yote ilikuwa ya kuondoa: rangi, pati, kutu, viraka vya watu walionitangulia. Neno tunalotumia kwa karatasi ya kusugulia ni jina la mti. Msasa ni wa jamii ya mikuyu, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Maseremala wa pwani waliyasugulia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika, na ilipofika ikarithi jina la jani. Kila niliponunua shiti moja dukani Ngamiani niliukumbuka huo mti.

Jirani yangu ni mzee aliyetengeneza majahazi maisha yake yote. Alikuwa akija jioni, anakaa kwenye kiti chake mwenyewe alichokuja nacho, anatazama bila kusema. Kwake kombi ilikuwa chombo kilichopandishwa pwani. Chombo cha mbao nacho hukwanguliwa, maungio yakatiwa kalafati ya pamba, tumbo likapakwa shahamu na mbavu zikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu ya sifa hiyo humkimbiza mgeni, ila bila hiyo mbao hupasuka juani. Siku moja nilimwonyesha kiraka nilichokuwa nimekiona kizuri. Akakigonga kwa kidole cha kati.

"Mwanangu, hapa pamejaa unga."

"Ni pati tu, Mzee. Nyembamba."

"Basi toboa."

Nikatoboa. Ilikuwa nene kama kipande cha muhogo, na nyuma yake hapakuwa na bati. Haikuwa pati yangu, ilikuwa ya yule wa njano, lakini mimi ndiye niliyeilainisha juu nikaridhika. Pati isizidi milimita mbili au tatu; ikizidi hapo ni uongo uliokauka.

Kutu ya kombi ina makao yake, na ukishayajua unaifuata kama mwindaji. Huanzia kwenye mfereji wa paa, ambako majani ya mwembe huoza na kushikilia maji. Hushuka kwenye pembe za chini za kioo cha mbele, nyuma ya mpira, mahali pasipokauka hata kiangazi. Kibao cha betri ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu maji ya betri hudondoka taratibu na kula bati kutoka juu wakati unyevu unalila kutoka chini. Halafu kuna vizingiti vya milango. Gari hili halina fremu ya pembeni ya kubeba uzito. Bodi yenyewe ndiyo mgongo. Ukikata kizingiti kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, gari linalegea katikati kama kitanda cha kamba, na mlango ule wa kuteleza hautafunga tena kamwe. Hilo niliambiwa mapema, nashukuru. Ambalo sikuambiwa ni kwamba bati la milimita moja huchomelewa nukta kwa nukta, ukiruka huku na huku na kuliacha lipoe; ukilipitisha moto mfululizo linajikunja kama chapati kavu. Kiraka changu cha kwanza bado ninacho. Kuku wananywea maji humo.

Baada ya kuchomelea, macho hayafai kitu. Bati lililosuguliwa linaonekana sawa hata likiwa na mabonde. Unaweka kitambaa chembamba kati ya kiganja na bati, unafumba macho, unavuta mkono polepole. Kiganja kinajua. Ukishapaka praima unapuliza juu yake vumbi jepesi la rangi nyeusi, unasugua tena kwa msasa ulioviringwa kwenye kipande cha mbao: penye mwinuko weusi unaondoka mara moja, penye bonde unabaki umejificha. Mbavu moja ya kombi ilinichukua wiki tatu hivi, na mke wangu akaacha kuniuliza chakula kipelekwe wapi.

Kisha nikaharibu. Nilipuliza rangi mwezi wa Aprili, wakati wa masika, kwa sababu nilichoka kusubiri. Rangi ya selulosi hukauka haraka. Tina inaporuka bati linapoa ghafla, na hewa ikiwa nzito unyevu wake unatua juu ya rangi mbichi. Buluu yangu ikaota ukungu mweupe mbele ya macho yangu. Mlangoni vikafunguka vijishimo vya mviringo, kazi ya mafuta ya kung'arishia dashibodi niliyokuwa nimeyashika asubuhi ile. Mzee alitazama, akabeba kiti chake akaenda kwake. Hakurudi siku nne.

Nilisugua yote. Nikangoja mpaka Julai, kusi likivuma na hewa ikiwa kavu kidogo. Nikamwagia ua maji ili vumbi lilale, nikafuta bati mara mbili kwa kitambaa chenye kisafisha mafuta, nikavaa barakoa ya vichujio na kuwatuma watoto kwa bibi yao. (Zipo rangi za kuchanganya na kigumisho, zinazong'aa zaidi, lakini moshi wake unataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Si za uani.) Saa 3 asubuhi, umande umekwisha, nikaanza juu. Buluu chini, nyeupe paani, tepu ya karatasi ikifuata mstari chini ya mfereji. Siku chache baadaye ulikuja msasa wa maji, namba 1200 na kisha 2000, mpaka uso wa rangi uliokuwa kama ganda la chungwa ukalainika.

Tepu ilipotoka mstari ulikuwa umenyooka, isipokuwa mahali pamoja nyuma ya mlango wa dereva ambapo nyeupe imepenya upana wa ukucha. Sikuparekebisha. Ndani ya kisanduku cha vifaa, mahali ambapo hakuna mgeni atakayechungulia, nimeacha kipande cha kiganja kimoja chenye nguo zote nne zikionekana kama pete za mti. Kabati na kitanda bado; seremala ameahidi baada ya Idi.

Na wewe ambaye kwenu kuna kombi imelala chini ya mwembe, usikimbilie dukani kununua rangi. Leo jioni zoa majani kwenye mfereji wa paa, zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango, na itoe betri. Masika hayangoji.