Jina la Kiswahili, Sauti ya Nani?

Barabara kuu ya Unionville, kitongoji cha mji wa Markham kaskazini mwa Toronto, imezoea kuigiza. Sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Marekani, Gilmore Girls, iliyoonyeshwa mwaka 2000, ilipigwa picha hapo, na majengo yake ya kale yakageuka kuwa Stars Hollow, mji wa kubuni katika jimbo la Connecticut. Mtazamaji hakutakiwa kujua kwamba anaiangalia Kanada. Mahali pa namna hiyo, tamasha la filamu la jamii linaloadhimisha utamaduni wa Weusi, afya na haki lina mzigo wa ziada. CaribbeanTales, iliyoanza mwaka 2006, na Toronto Black Film Festival, iliyoanza mwaka 2013, yana hadhira ya jiji zima. Tamasha la kitongojini huonyesha filamu zake mbele ya majirani. Katika makala haya nitaliuliza tamasha hilo swali moja tu, nalo ni la lugha.

Atembeaye Toronto na masikio ya Mswahili hukutana na lugha yake asikoitarajia. Malvern, si mbali na Unionville kwa gari, kipo kituo cha afya cha jamii kiitwacho TAIBU, kilichoundwa kuwahudumia Weusi, nacho hulifasiri jina lake kuwa ni neno la Kiswahili la kutakiana afya njema. (Wengi wetu tungesema buheri wa afya, lakini tusiikosoe zawadi.) Harbourfront Centre ina tamasha lake la Kuumba. Nia Centre for the Arts ilifungua jengo lake mwaka 2023. Kuumba na nia ni misingi miwili kati ya saba ya Kwanzaa, sikukuu aliyoiasisi Maulana Karenga nchini Marekani mwaka 1966, na kwa njia hiyo Kiswahili kimekuwa lugha ya kubatizia mambo mema ya Weusi wa Marekani ya Kaskazini. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini lugha yaweza kuandikwa mlangoni na isisikike ukumbini.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya kinyume chake, yaani Kiswahili kusikika ukumbini bila kuwa na mlango wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika usafi, kilimo na faida ya kuweka akiba posta, ukazizungusha Afrika Mashariki kwa lori. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotumika. Kilitumika kuagiza. Mwafrika wa filamu zile ama ni mjinga anayeugua ama ni mwerevu aliyetii. Naitaja historia hii kwa sababu kila tamasha linaloifunga filamu na afya, hata liwe na nia njema kiasi gani, hurithi hatari ileile: filamu kugeuzwa dawa ya kijiko, na mhakiki kuulizwa tu kama imemeza vizuri.

Filamu inayoukataa ugonjwa huo kuliko zote nizijuazo ni Maangamizi: The Ancient One ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001. Daktari wa akili, Mmarekani Mweusi aitwaye Asira, anafika hospitalini Tanzania na kukutana na mgonjwa asiyesema, Samehe. Samehe hutembelewa na bibi wa kale, Maangamizi. Mtazamaji asiyejua Kiswahili huona hapa majina matatu ya Kiafrika yenye mvuto. Mswahili husikia jambo jingine kabisa. Jina la mgonjwa ni amri: samehe! Jina la daktari hatuwezi kulisikia bila kuikumbuka hasira, hasa sisi tunaotoka kwenye lahaja zinazoimeza h. Na bibi anayewaita wote wawili hana jina la uzee wala la hekima, kama kichwa cha Kiingereza kinavyodai. Jina lake ni uteketezaji. Tiba yote ya filamu hii imekwisha kuwekwa katika majina: hasira inatumwa kuitibu samehe, na wote wawili hawaponi mpaka waongozwe na maangamizi yenyewe. Si ajabu kwamba wanaharakati wenye asili ya Afrika nchini Uingereza wamelichukua neno hilohilo kuita utumwa na yaliyoufuata. Tafsiri inayoandikwa chini ya picha hutafsiri mazungumzo, majina huyaacha. Kwa hiyo hadhira ya Unionville ingekosa kiini cha filamu ikiwa imeielewa kila sentensi.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ni nyepesi zaidi, na pengine ndiyo ingependwa. Jo, mtoto mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, anarudishwa kijijini, na watu wanashirikiana kumfanya shujaa wa filamu. Machozi yanakamuliwa mno kwa muziki. Hata hivyo, kuna ukweli usiopatikana katika mijadala ya afya ya jamii: kijiji hakimponyi mtoto, wala hakijifanyi kwamba kimemponya.

Ugumu mkubwa zaidi unaletwa na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 na kuonyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka 2021. Baada ya Maangamizi, Tanzania haikupeleka filamu nyingine kuwania Oscar hadi hii. Mwongozaji wake alisoma Chuo Kikuu cha York, Toronto. Kwa maoni yangu uzuri wa picha zake umeipunguzia riwaya kelele na ucheshi wake, lakini hilo ni la siku nyingine. Linalohusu hapa ni Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja anayeikimbia ndoa na kupendana na Denge, mpigania uhuru. Je, hii ni filamu ya utamaduni wa Weusi? Markham, wakazi wenye asili ya China ndio kundi kubwa, wakifuatwa na wenye asili ya Asia ya Kusini. Na Kanada iliwapokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, anaandikia Toronto. Wapo wazee wa Kiismailia wanaokijua Kiswahili vizuri kuliko vijana wengi wanaokivaa kwenye fulana.

Tamasha likiwaalika wazee hao kumtazama Yasmin, neno Weusi katika kichwa chake litabidi lijieleze. Lisipowaalika, litakuwa limeazima majina kutoka lugha ambayo wenyewe wamekaa mtaa wa pili. Mimi ningeanza na Maangamizi, kisha mtu asimame kabla ya taa kuzimwa na kueleza majina matatu tu. Dakika mbili zingetosha.