Picha za Njiani na Kazi ya Amani

Msomaji, hakuna ukuta ulio kando ya njia ambao ni bubu. Ukisafiri kutoka Webuye kwenda Kitale utapita Misikhu, na huko, kama katika masoko mengi ya Kenya, macho yako yatakutana na rangi za makampuni na majina ya bidhaa. Kuta huuza simu, sabuni, mbegu na dawa za mifugo. Jambo hili halimshangazi mtu, kwa kuwa sote tumekwisha kukubali kwamba rangi iliyopakwa vizuri yaweza kumfanya mpita njia atie mkono mfukoni. Basi, ikiwa picha ina nguvu ya kumshawishi mtu anunue sabuni, je, haina nguvu ya kumshawishi aifanyie kazi amani? Jibu langu ni kwamba inayo. Lakini si kila picha, na si kwa kila namna. Hebu tupime pamoja.

Swali hili si mchezo wa maneno katika nchi hiyo. Kutoka Misikhu, Mlima Elgon si mbali. Miaka ya 1991 na 1992 mapigano ya makabila yalichoma nyumba katika sehemu za Bungoma na Trans Nzoia. Tena, kati ya mwaka 2006 na 2008, ugomvi juu ya mashamba ya Chebyuk uligeuka kuwa vita. Kikundi chenye silaha, kilichojiita Jeshi la Kutetea Ardhi ya Wasabaoti, kiliua na kutesa raia. Na jeshi la serikali lilipopanda mlima mwezi wa Machi 2008, raia walilalamika kwamba walitendewa ukatili na hao waliokuja kuwaokoa. Mamia ya watu walikufa, na maelfu wakahama makwao. Mahali palipopita mambo kama hayo, neno amani haliwezi kuwa pambo la hotuba.

Sasa, sanaa ya hadharani ni nini, nayo yatofautianaje na picha itundikwayo sebuleni? Tofauti kubwa ni kwamba haichagui watazamaji wake. Picha ya sebuleni humngoja mgeni aliyealikwa. Picha ya njiani humkuta kila mtu, apende asipende. Mdai na mdaiwa, aliyechomewa nyumba na aliyeshika kiberiti, wote huipita wakienda sokoni. Huo ndio uwezo wake, na hapo hapo ndipo penye hatari yake, kwa maana picha itakayomfariji mmoja yaweza kumchoma mwingine.

Tuanze na kazi ya mtu aliyezaliwa upande huo wa magharibi ya Kenya. Gregory Maloba, mzaliwa wa upande wa Mumias, alijifunza uchongaji Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha akawa mwalimu huko huko. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, yeye ndiye aliyetengeneza sanamu ya ukumbusho isimamayo mpaka leo katika mji wa Kampala. Ni mtu mrefu, ambaye sehemu ya chini ya mwili wake imezongwa kwa vifungo, naye amemwinua mtoto juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Ubora wa sanamu hii ni ukweli wake. Maloba hakuvificha vifungo ili furaha ionekane kamili. Aliviacha miguuni, akatuonyesha kwamba mtoto ameinuliwa na mtu ambaye mwenyewe hajafunguka. Hata hivyo, yatupasa kusema pia kwamba sanamu hii ilisimama pale pale wakati Uganda ilipopita katika mateso ya miaka ya 1970. Haikuzuia kitu. Huinua macho ya mtazamaji, humstaajabisha, kisha humwacha aende zake. Jiwe halishiki mkono wa muuaji. Asiyekubali hilo ataidai sanaa deni isilokopa.

Kazi ya pili ni ya unyonge zaidi kwa vifaa vyake, lakini ilikuwa karibu zaidi na moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliwaka Kenya, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Katika siku hizo hizo, mchoraji Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, alizunguka Kibera, Nairobi, na rangi na burashi, akiandika ombi la amani juu ya kuta, milango ya mabati na barabara. Mojawapo ya maandishi yake lilisema kwa Kiingereza kwamba amani inatafutwa, ikiwa hai. Tazama ufundi uliojificha humo. Ni maneno ya tangazo la kumtafuta mhalifu, atakaye kuletwa akiwa mzima au maiti. Lakini hapa anayetafutwa si mhalifu, ni amani yenyewe, na haifai kuletwa ikiwa maiti. Kijana aliyekuwa akiwinda jirani yake aliambiwa, kwa lugha ya uwindaji, awinde kitu kingine. Msemo mfupi uliwekwa mahali pake, kwa wakati wake, na mtu aliyehatarisha maisha yake kuuandika. Hizo ni sifa tatu za kazi njema.

Lakini neno amani, likiachwa peke yake, lina udhaifu. Aliyenyang'anywa shamba hulitamka akimaanisha, "Nirudishiwe." Aliyenyang'anya hulitamka akimaanisha, "Nyamazeni." Uchaguzi wa mwaka 1997 na ule wa 2007 ulikwisha kuacha makovu, kwa hiyo ulipokaribia ule wa mwaka 2013, nchi nzima ilijaa nyimbo, mabango na mahubiri ya amani, na baadhi ya wenye fikra walilalamika kwamba wito huo ulikuwa ukitumiwa kuwafunga midomo wenye madai ya haki. Mimi naona walikuwa na hoja. Picha imwombayo mwenye jeraha asilie haifanyi kazi ya amani. Hufanya kazi ya kimya, na kimya si amani.

Kwa sababu hiyo, kazi ya tatu yastahili kutazamwa kwa makini. Boniface Mwangi alikuwa mpiga picha wa gazeti wakati wa ghasia hizo, na aliyaona mengi kwa macho yake. Mwaka 2009 alianzisha maonyesho yaitwayo Picha Mtaani. Picha za mapanga, moto, maiti na wakimbizi zilisimamishwa barabarani, zikapelekwa kutoka mji hadi mji, ili wananchi wenyewe wayatazame waliyotenda na waliyotendewa. Hapakuwa na njiwa wala mikono iliyoshikana. Watazamaji walialikwa kuzungumza na kutoa ahadi ya kuitunza amani. Mtu aweza kupinga, akasema kwamba kufunua kidonda ni kukiumiza, na kwamba mama aliyefiwa hakuomba kukutana na msiba wake njiani. Pingamizi hilo ni la haki, na mwonyeshaji hana budi kulijibu kwa kuwaandaa watu na kwa kuwapo wa kuwasikiliza. Lakini kidonda kifunikwacho kabla ya kuoshwa hakiponi, huoza ndani. Maonyesho haya yalizidi zile kazi mbili za kwanza kwa jambo moja: yalimpa mtazamaji la kufanya kabla hajaondoka.

Usidhani kwamba nguvu hii ni ya Kenya peke yake. Pablo Picasso alichora Guernica mwaka 1937, baada ya ndege kuupiga kwa mabomu mji wa jina hilo huko Uhispania. Nakala yake iliyofumwa kwa nyuzi ilitundikwa katika jumba la Umoja wa Mataifa, New York. Mwezi wa Februari 2003, vita vya Iraq vilipokuwa vikinukia, nakala hiyo ilifunikwa kwa pazia la buluu mahali ambapo wakuu walisimama kusema na waandishi wa habari. Kitu kisicho na nguvu hakifunikwi pazia.

Kutokana na hayo twapata mizani yenye mawe matatu. Kwanza, je, picha yasema kweli, pamoja na ile iumizayo? Pili, je, imewekwa mahali ambapo pande zote mbili za ugomvi hupita? Tatu, je, humwachia mtazamaji kazi ya kufanya?

Sasa rudi kwenye ukuta wa soko. Tuseme kwamba wewe na wenzako mmepewa ukuta mmoja, huko Misikhu au penginepo, mkaambiwa mchore amani. Mkono wako utakimbilia njiwa mweupe, kwa kuwa kuchora njiwa ni rahisi na hakumkasirishi mtu. Uzuie kidogo. Chini ya Mlima Elgon watu hawakugombana juu ya njiwa. Waligombana juu ya mashamba, mipaka na majina yaliyoandikwa au kufutwa katika orodha ya wagawiwa. Chora mpaka, basi. Chora watu wa pande mbili wakiutazama mpaka ule ule. Na kabla hujatia burashi katika rangi, nenda kwa wazee, kwa akina mama na kwa vijana wa kila upande, uwaulize waliona nini na wangependa wajukuu wao waone nini. Wakikataa kuketi pamoja, picha yako bado haijawa tayari. Wakikubali, utagundua kwamba sehemu iliyo kubwa ya kazi imekwisha kufanyika kabla ya ukuta kupata rangi. Mvua na jua vitaifuta picha, kama vifutavyo tangazo la sabuni. Lakini watu waliokwisha kuketi pamoja mara moja kwa ajili ya ukuta wanajua njia ya kuketi mara ya pili kwa ajili ya shamba.