Gazeti Njiani: Uhakiki wa Sheria za Masanduku ya Magazeti Katika Miji ya Marekani

Utamaduni wa taifa hautazamwi katika ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Hutazamwa pia katika mambo madogo ya njiani: nani huruhusiwa kusimama wapi, nani huruhusiwa kuuza nini, na neno lililochapwa humfikia msomaji kwa mkono wa nani. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo moja la namna hiyo, nalo ni sheria ndogo ambazo miji ya Marekani ilizitunga ili kusimamia masanduku ya kuuzia magazeti kando ya barabara. Msomaji aweza kuuliza sanduku la chuma la ugenini latuhusu nini sisi. Tunamwomba avute subira. Tutakapofika mwisho ataona kwamba swali lililobishaniwa huko ni lile lile linalozuka popote pale ambapo gazeti huuzwa mahali pa umma.

Kwanza yafaa tulieleze sanduku lenyewe. Ni kasha la chuma lililosimamishwa penye njia ya waenda kwa miguu, lenye mlango wa kioo na tundu la kutilia sarafu. Mnunuzi hutia sarafu, hufungua mlango, hutwaa nakala yake, kisha huuachia mlango ujifunge. Hapana mwuzaji, hapana duka, wala hapana saa ya kufunga. Ukurasa wa mbele huonekana kupitia kioo, kwa hiyo hata apitaye bila sarafu huondoka na kichwa cha habari. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 masanduku haya yalienea sana, hata gazeti la USA Today lilipoanzishwa mwaka 1982 lilitengenezewa masanduku yenye umbo la kukumbusha televisheni. Yalipozidi, halmashauri za miji zilianza kunung'unika. Zilisema kwamba masanduku yanaziba njia, yanawatatiza walemavu, yanawakinga madereva wasione vizuri penye njia panda, na kwamba yanauharibu uso wa mji. Malalamiko hayo hayakuwa ya uzushi. Njia ya umma ni mali ya wote, na mwenye kuilinda hastahili kubezwa.

Lakini upande wa pili nao una hoja yenye mizizi mirefu. Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, lililokubaliwa mwaka 1791, linakataza kutungwa kwa sheria ya kupunguza uhuru wa kusema na wa kuchapa. Je, uhuru wa kuchapa huishia mtamboni? Swali hili lilijibiwa mwaka 1938 katika kesi ya Alma Lovell, mwanamke wa dhehebu la Mashahidi wa Yehova, aliyehukumiwa katika mji wa Griffin, jimbo la Georgia, kwa kosa la kugawa maandishi ya dini bila idhini ya meneja wa mji. Adhabu yake ilikuwa faini ya dola 50, na akishindwa kulipa, kifungo cha siku 50. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ndogo ile, ikishikilia kwamba kuchapa bila ruhusa ya kueneza ni kazi bure. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Schneider, miji kadhaa ilijitetea kwamba imepiga marufuku vipeperushi ili kuzuia takataka. Mahakama ikaijibu kwamba aadhibiwe yule atupaye karatasi barabarani, si yule ampaye mwenzake karatasi ya kusoma.

Ni juu ya msingi huo ndipo kesi mashuhuri ya masanduku ilijengwa. Mwaka 1982 gazeti la Plain Dealer la Cleveland, jimbo la Ohio, liliomba ruhusa ya kuweka masanduku katika mji jirani wa Lakewood. Likakataliwa, kwa kuwa sheria ya mji haikuruhusu mtu binafsi kuweka kitu chochote katika mali ya umma. Mahakama ya wilaya ilipoona kwamba katazo hilo la jumla linakiuka Katiba, mji ukatunga sheria mpya. Sasa Meya ndiye angetoa au kunyima kibali cha kila mwaka. Umbo la sanduku lilipaswa kukubaliwa na bodi ya mji ya ukaguzi wa majengo, mwenye gazeti alipaswa kuwa na bima ya dola 100,000, na juu ya hayo yote Meya aliweza kuongeza sharti lolote jingine aliloliona la lazima na la haki.

Hebu tuisome sheria hiyo kama mhakiki asomavyo maandishi yoyote, kwa kuyapima maneno yake. Meya alitakiwa aeleze sababu anapokataa. Kwa mtazamo wa haraka hicho ni kinga ya kutosha. Lakini sababu gani? Sheria haikusema. Meya aliweza kuandika kwamba jambo hili halina manufaa kwa umma, akaishia hapo, na hapana ambaye angeweza kumwonyesha kwamba amekosea, kwa maana hapakuwa na kipimo cha kupimia kosa. Tarehe 17 Juni 1988 Mahakama ya Juu iliibatilisha sehemu hiyo ya sheria kwa kura 4 dhidi ya 3. Jaji Brennan, aliyeiandika hukumu, alieleza kwamba ubaya wa uwezo usio na mipaka hauanzi siku ofisa anapoutumia vibaya. Huanza siku unapokuwepo, kwa sababu mhariri ajuaye kwamba kibali chake kitarudi mezani kwa Meya mwaka ujao ataipunguza makali kalamu yake bila ya kuambiwa na mtu. Hapo hukumu iliona mbali. Ilitambua kwamba hofu haihitaji amri iliyoandikwa.

Jaji White, akiungwa mkono na majaji Stevens na O'Connor, hakukubali. Alisema kwamba kusema na kugawa maandishi njiani ni jambo moja, na kuchukua kipande cha ardhi ya umma kwa ajili ya kasha la kampuni ni jambo jingine. Kama mji waweza kuikataa mashine ya soda, mbona usiweze kulikataa sanduku la gazeti? Brennan alijibu kwamba kazi ya gazeti ni kusema, na kazi ya mwuza soda ni kuuza kinywaji. Ukimnyima mwuza soda mahali pake hujamziba mdomo.

Sisi twaona kwamba majaji wote wawili waliyapita mambo mawili yaliyokuwa mbele ya macho yao. La kwanza ni umbo la sanduku. Mashine ya soda humpa mtu chupa moja kwa fedha ya chupa moja, basi, haimwamini. Sanduku la gazeti likishafunguliwa huacha rundo zima mikononi mwa mnunuzi, na lamtegemea achukue moja tu. Kumbe ndani ya chuma kile mlikuwa na mapatano ya kijamii kati ya mchapaji na watu asiowajua. Mapatano ya namna hiyo ni sehemu ya utamaduni kama ilivyo salamu. La pili ni swali la tabaka. Alma Lovell alikuwa na mikono yake na vijitabu vyake. Plain Dealer lilikuwa na mawakili na mtaji. Haki iliyopatikana kwa miguu ya mwanamke wa kawaida ikaja kutumiwa na kampuni kubwa iliyotaka kupanua soko lake. Hatusemi kwamba kampuni ilikosa haki, ila msomaji asidanganyike akafikiri kwamba kila aitetaye haki ya umma ni umma wenyewe.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi katika kesi ya Cincinnati. Mwaka 1989 mji huo uliruhusu kampuni ya Discovery Network iweke masanduku 38 ya jarida lake la matangazo ya masomo na burudani, na kampuni nyingine ilikuwa na masanduku 24 ya matangazo ya nyumba. Mwaka 1990 mji ukavifuta vibali vya masanduku hayo 62, ukisema kwamba yaliyomo ni matangazo ya biashara tu. Wakati huo njia za mji zilikuwa na masanduku kati ya 1,500 na 2,000. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilisema kwamba dai la kutaka usafi na usalama halisimami pale ambapo masanduku machache yanaondolewa na mamia yaliyo sawa nayo kwa sura na kwa kizuizi yanaachwa. Jaji Stevens, aliyekuwa upande wa Meya mwaka 1988, ndiye aliyeiandika hukumu hii. Fundisho lake ni wazi. Mwenye kudai kwamba anasafisha njia sharti aitazame njia, asiyatazame yaliyoandikwa ndani ya kasha.

Hata hivyo tusiitukuze sheria hii kupita kiasi. Ilimzuia ofisa kuchagua kwa upendeleo, lakini haikuhakikisha kwamba gazeti litabaki njiani. Mwaka 1996 mahakama ya rufani iliukubali uamuzi wa kuyaondoa masanduku yote katika mtaa wa Beacon Hill mjini Boston, mtaa wa kale na wa watu wenye uwezo, kwa kuwa katazo lilikuwa la wote na wasomaji waliweza kulipata gazeti kwa njia nyingine. Katika mji wa Coral Gables, Florida, mahakama ya rufani ilikubali mwaka 1994 kwamba masanduku yote yawe ya rangi moja na maandishi yake yasizidi kipimo kilichowekwa. Na katika uwanja wa ndege wa Atlanta, mpango wa mwaka 1996 ulitaka magazeti yakodi masanduku ya jiji yenye matangazo ya Coca-Cola. Magazeti yakashtaki. Mwaka 2003 mahakama ya rufani iliamua kwamba uwanja waweza kutoza ada ya kuuletea faida, lakini ofisa wake asiachiwe uwezo usio na mipaka. Mwanafunzi wa mambo haya hakosi kutabasamu. Jaji alitumia nguvu nyingi kulitenga gazeti na soda, na miaka minane baadaye soda ikaja kubandikwa juu ya sanduku la gazeti, si kwa amri ya mkaguzi wa maandishi bali kwa mkono wa biashara.

Basi na tugeuke tujitazame. Katika miji yetu gazeti halikuzoea kukaa ndani ya kasha lifunguliwalo kwa sarafu. Hutandazwa juu ya meza au chini penye turubai, na mbele yake husimama watu, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari na kubishana. Wengi wao hawanunui, na mwuzaji ajuaye kazi yake hawafukuzi. Ile ni baraza. Sanduku la Marekani lilimwamini msomaji bila ya kumjua. Meza yetu humjua, humsalimu, na humwachia asome asicholipia. Lakini mwuza magazeti naye hukaa katika njia ya umma, na naye huishi chini ya sheria ndogo za halmashauri. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, hoja zilizotolewa zilikuwa ni usafi, usalama na haki ya mwenda kwa miguu. Ndizo hoja zile zile za Lakewood na Cincinnati, na uzito wake haukataliki.

Maneno "manufaa ya umma" nayo si mageni kwetu. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa Waziri uwezo wa kulizuia gazeti kwa hoja hiyo, mpaka ilipofutwa mwaka 2016 kwa kupitishwa Sheria ya Huduma za Habari. Hayapaswi kutupwa maneno hayo, kwa maana bila manufaa ya umma hakuna taifa. Kinachotakiwa ni kwamba ayatamkaye awajibike kuyaeleza. Kwa hiyo kila sheria ndogo ihusuyo uuzaji wa maandishi njiani twaipendekezea maswali manne. Je, kipimo kimeandikwa, kama vile upana wa njia utakaobaki wazi? Je, kipimo hicho ni kimoja kwa gazeti lipendwalo na lisilopendwa? Je, ofisa amewekewa siku za kutoa jibu? Na je, aliyenyimwa ana pa kwenda kulalamika? Sheria ijibuyo maswali hayo husafisha njia bila ya kumtia mtu hofu. Isiyojibu humpa ofisa, hata akiwa mwema, silaha ambayo mrithi wake aweza kuitumia vingine.

Masanduku yenyewe sasa yanatoweka. Wasomaji wamehamia kwenye simu na intaneti, na masanduku mengi huko Marekani yameondolewa au yamebaki matupu. Mengine watu wameyageuza kuwa vijimaktaba vya vitabu vya bure. Meya alishindwa mahakamani, na kioo cha simu kikashinda bila kesi. Lakini swali halikuondoka pamoja na chuma. Neno lililochapwa bado lina njia ya kupita, na katika kila njia yuko mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo au la. Kazi ya utamaduni wetu ni kumzoeza mtu huyo kueleza kwa nini, na kuuzoeza umma kumwuliza.