Msafara wa Magari ya Zamani, Embu hadi Meru: Kazi Iko Kwenye Karatasi

Safari Rally ya kwanza, iliyoanza tarehe 27 Mei 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, haikuwa na mshindi wa jumla. Waandalizi waliyagawa magari kwa madaraja kufuatana na bei yake dukani, kila daraja likashindana kivyake. Gari lililopoteza alama chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen ndogo ya Alan Dix na Johnny Larsen. Barabara hazikufungwa. Madereva walipishana na malori, ng'ombe na watu waliokuwa wakienda sokoni, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na bado waandalizi waliweza kujua nani amefika wapi na nani amekwama. Hawakuwa na simu ya mkononi wala ramani ya setilaiti. Walikuwa na kitabu cha njia, kadi za muda na saa.

Baadaye Safari ikazoea kuuzunguka Mlima Kenya, na barabara ya Embu hadi Meru, kabla lami haijafika, ikapata jina baya kwa kona zake na udongo wake mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Kuanzia 2003 mashindano ya magari ya kale, East African Classic Safari Rally, yamefufua mtindo ule ule. Ian Duncan aliyashinda mwaka 2009 akiendesha Ford Mustang ya silinda 8, gari ambalo wengi wangesema ni la barabara nyoofu za Marekani. Mtu anayetaka kuandaa matembezi ya kundi la magari ya zamani upande huu wa mlima, bila mashindano, ana somo lililo tayari, mradi alisome vizuri.

Kwanza, magari yenyewe. Wamarekani wana hotirodi: Ford ya 1932, kwa mfano, iliyovuliwa madigadi na kupewa injini yenye nguvu. Hapa kwetu utakuta pikapu ya Datsun 1200 iliyopandikizwa injini ya Toyota, Peugeot 404 iliyoshushwa springi, Escort yenye magurudumu mapana kuliko yale iliyozaliwa nayo. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, mengi ya haya yamekuwa nchini miongo kadhaa, yakipita mkono kwa mkono, fundi kwa fundi. Hakuna mawili yanayofanana. Hapo ndipo ugumu wa msafara unapoanza, kwa maana mpango ukifuata gari la wastani utakuwa umefuata gari ambalo halipo. Unapaswa kufuata gari dhaifu kuliko yote, na mahali pagumu kuliko pote.

Waandalizi wengi huanza na kilomita. Embu hadi Meru ni kama 130, wanasema, saa mbili na nusu zinatosha, tutakula nyama choma Meru saa saba. Kilomita haielezi kitu hapa. Mito ya upande huu, Thuci, Nithi, Mutonga na mingine mingi midogo, inashuka kutoka mlimani kwenda mashariki, nayo barabara inaelekea kaskazini. Kwa hiyo inaikata yote kwa ubavu: unashuka bondeni, unavuka daraja, unapanda, unapumua kidogo, unashuka tena. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likishuka mita 150 kwa breki peke yake, nishati yote ile inaishia kwenye dramu kama joto. Breki za diski hupoa upesi kwa upepo. Dramu hulifungia joto ndani, shu za breki zinaanza kuteleza, na dereva anahisi pedali ngumu lakini gari halisimami. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka yamenyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishalowa kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Hapo pedali inazama hadi sakafuni.

Daraja la Nithi, mbele kidogo ya Chuka, halihitaji kutambulishwa. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Mteremko unaotoka upande wa Meru ndio wenye sifa mbaya zaidi, na kwa sababu hiyo peke yake ningepanga msafara uende kutoka Embu kwenda Meru, usirudi njia hiyo hiyo. Urudi kwa Timau na Nanyuki. Hasara ipo: karibu na Timau barabara inavuka mita 2,400, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Kabureta iliyopimwa Nairobi itamwaga petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, moshi mweusi unaweza kutoka, na maji ya rejeta isiyobana vizuri yatachemka kwenye nyuzi 92 badala ya 100. Lakini gari linalokohoa kwenye mwinuko husimama lenyewe kando ya barabara. Lililokosa breki kwenye mteremko halisimami. Kati ya matatizo hayo mawili sina haja ya kufikiri mara mbili.

Hata upande wa Chuka unashuka, kwa hiyo kituo cha kwanza kiwe Chuka mjini, dakika 20, boneti juu, na kila dereva apitishe kiganja karibu na rimu zake nne bila kuzigusa. Rimu moja ikiwaka kuliko wenzake, shu imenasa. Ni afadhali kuligundua hilo mbele ya duka la spea kuliko chini ya bonde.

Sasa muda. Mlima Kenya haungoji mtu. Upande wa mashariki huonekana asubuhi mapema, na ikifika saa nne mara nyingi umeshajifunika. Anayeahidi watu mandhari na kuondoka Embu saa tatu atawaonyesha mawingu. Ondoka saa kumi na mbili na nusu, Januari au Februari, mwezi wa ukavu, kabla ya mvua za Machi. Julai na Agosti miteremko hii huwa na ukungu na manyunyu. Anayetaka njia ya ndani zaidi apande kutoka Embu kwenda Manyatta na Kianjokoma, ukingoni mwa msitu, kisha ashuke Runyenjes kupitia mashamba ya chai, upande wa viwanda vya Mungania na Rukuriri. Ni sehemu nzuri kuliko zote za safari, na ni nyembamba. Mchana malori ya majani ya chai huanza kuzunguka vituo vya kununulia, na dereva wa lori lile hana sababu ya kumpisha mwenye gari la maonyesho. Kuna pia pikapu za miraa. Zinatoka Maua zimejaa, zinakimbizana na saa kwenda Nairobi, na kila mkazi wa Chuka anajua mlio wake. Zinashuka huku wewe unapanda. Ukiwa Meru kabla ya adhuhuri umekwepa yote mawili.

Katika Safari magari yaliondoka moja moja, kwa kupishana dakika. Wanaopanga matembezi hupenda kinyume chake, wote pamoja, kwa ajili ya picha. Hebu piga hesabu. Magari 16 yakifuatana kwa mita 50 ni treni ya zaidi ya mita 800. Matatu iliyo nyuma haiwezi kulipita kundi lote kwa mara moja, kwa hiyo itajichomeka katikati, kisha nyingine, kisha boda boda mbili, na msafara umekatika bila mtu wa mbele kujua. Wa nyuma wataongeza mwendo kuwafikia wenzao, na hapo ndipo ajali hutokea. Gawanya magari yale kwa makundi manne ya manne, kila kundi liondoke dakika 10 baada ya jingine. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hiyo ni nafasi ya kilomita 8 hivi, matatu zinapita kwa raha. Lililo zito litangulie katika kila kundi. Na kanuni iwe moja tu: kila dereva anawajibika kwa aliye nyuma yake. Ukifika njia panda usipinde mpaka umwone. Kanuni hii haihitaji mtandao wa simu, na kwenye mabonde yale mtandao unaweza kukukatikia.

Kitabu cha njia ndicho kazi yenyewe. Ukurasa wa kawaida una safu tatu: umbali, mchoro mdogo wa njia panda, na neno la tahadhari. Mchoro una nukta unapotoka na mshale unapokwenda, basi. Hata asiyesoma lugha yako ataufuata. Penye tatizo ni umbali. Gari lililobadilishwa magurudumu lina mita inayodanganya. Ikidanganya kwa asilimia 4 tu, baada ya kilomita 130 umekosea kilomita 5 na zaidi, na katika eneo lenye njia ya kuingia ndani kila baada ya mashamba mawili, hizo ni njia panda nyingi. Dawa yake ni kuanza hesabu upya kila alama kubwa, ili kosa lisirundikane: sifuri darajani Thuci, sifuri Chuka, sifuri Nkubu. Alama iwe kitu kisichohama. Usiandike "duka la kijani", kwa kuwa kampuni ya simu itapaka rangi nyingine mwezi ujao. Andika daraja, kanisa, shule, kiwanda. Pembeni andika hospitali iliyo karibu: Embu, Chuka, Chogoria, Nkubu, Meru. Barabara hii imebahatika kwa hospitali kuliko nyingi nchini.

Kwenye karatasi nyingine wengi huteleza: bima. Sera nyingi za bima ya gari haziwalipi wanaoshiriki mashindano ya mwendo au majaribio ya uimara wa gari. Ukitoa kombe kwa anayefika kwanza, au hata kwa anayefika kwa muda uliopangwa, umeipa kampuni ya bima sababu ya kukataa madai. Toa zawadi kwa gari safi zaidi, au la zamani zaidi, au usitoe kabisa. Waarifu wakuu wa vituo vya polisi vya njiani kwa barua. Ziandikie pia kaunti tatu za njia ya kwenda, Embu, Tharaka Nithi na Meru, kwa kuwa maegesho ya mjini ni ya kaunti, si ya polisi.

Gari la mwisho liendeshwe na fundi, si na rafiki wa mwandalizi. Abebe maji lita 40, fenibelti za saizi kadhaa, plagi, kondensa, pointi za distribyuta, mafuta ya breki ambayo kopo lake halijafunguliwa, na kamba ya kuvuta. Jambo moja haruhusiwi: kulipita gari lolote la msafara, hata lililosimama kupiga picha ya Ikweta kati ya Nkubu na Meru. Akifika, msafara umefika.

Kabla ya kutangaza tarehe, pita njia yote mwenyewe kwa gari dhaifu kuliko yote kwenye orodha, si kwa Prado yako, ukiwa na daftari na mtu wa kuandika. Kisha pita tena wiki moja kabla, maana tuta jipya lisilo na rangi linaweza kuwekwa usiku mmoja, na Peugeot iliyoshushwa springi haitalisamehe.