Big Miracle: filamu inaishia pale ambapo uokoaji unaanza

Kuna filamu ambazo mtu wa sayansi akizitazama anakunja uso kuanzia dakika ya tano. Big Miracle (2012), iliyoongozwa na Ken Kwapis, si mojawapo. Ni filamu tamu, na kisa chake kilitokea kweli: Oktoba 1988 nyangumi watatu wa kijivu walinaswa na barafu karibu na Point Barrow, Alaska, wakabaki wanapumua kwenye vitundu vichache vilivyokuwa bado wazi. Drew Barrymore anacheza mwanaharakati wa mazingira, John Krasinski mwandishi wa habari wa televisheni, na dunia nzima inatazama vitundu hivyo.

Tuanze na sifa zake. Filamu haidai kwamba nyangumi waliokolewa kwa huruma tupu. Tajiri wa mafuta anatafuta jina zuri, wanasiasa wa Marekani wako kwenye mwaka wa uchaguzi, waandishi wanataka picha, na Wasovieti, Vita Baridi ikiwa bado haijaisha, wanaleta meli ya kuvunja barafu. Inawapa nafasi pia Wainupiati, wenyeji wanaowinda nyangumi kwa chakula. Hao ndio walioshika misumeno ya injini wakakata matundu, moja baada ya jingine, kuelekea bahari iliyo wazi. Aliyemjua nyangumi kuliko wote pale ni mwindaji wake, na filamu haikwepi jambo hilo.

Sasa lawama. Nyangumi mdogo kuliko wote alikufa. Wawili waliobaki wakapita njia iliyofunguliwa, watu wakashangilia, filamu ikaisha. Lakini je, walifika? Nyangumi wa kijivu hula Aktiki majira ya joto, kisha husafiri maelfu ya kilomita hadi pwani ya Baja California, Mexico. Hawa walikuwa wadogo, wamechoka, na wamechelewa. Hawakufungwa kifaa cha kuwafuatilia, kwa hiyo hakuna ajuaye kama walifika. Filamu inatuuzia ushindi ambao haukuwahi kupimwa.

Kosa hili si la Hollywood peke yake. Sote tunapenda picha ya mnyama akirudishwa majini. Kwa wanaofanya kazi hii, picha hiyo ni katikati ya hadithi. Chukua mtoto wa nyangumi wa kijivu aliyeitwa J.J., aliyeokolewa Los Angeles Januari 1997. Alilelewa San Diego kwa zaidi ya mwaka, akakua hadi kupita tani nane, akaachiwa Machi 1998. Vifaa vya kumfuatilia vikadondoka ndani ya siku chache. Kazi yote ile, pesa zote zile, na jibu la swali kuu hatuna.

Linganisha na Springer, nyangumi muuaji yatima aliyeonekana peke yake karibu na Seattle mwaka 2002. Watafiti walisikiliza sauti zake wakatambua ukoo wake, kwa sababu kila ukoo una milio yake. Wakamtibu kwa takriban mwezi mmoja, wakamwachia Kanada, mahali ndugu zake walipokuwa wanapita. Mwaka 2013 alionekana na mtoto wake mwenyewe. Huo ndio ushindi uliopimwa, na ulichukua miaka kumi na moja. Hebu fikiria filamu ambayo ingekuwa na subira hiyo!

Kwa nini tunakomaa na jambo hili? Kwa sababu pwani yetu nayo inahusika. Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa kaskazini mwa Unguja, kuanzia Nungwi hadi Kendwa. Siku pomboo akikwama akiwa bado hai, watakaofika kwanza ni wavuvi na watoto, na kila mtu atataka kumsukuma majini haraka, kama alivyoona kwenye filamu. Mara nyingi mnyama mgonjwa au aliyechanganyikiwa akisukumwa hivyo hurudi kukwama tena. La busara ni kumwita mtaalamu, kumwekea kivuli, kumlowesha ngozi kwa vitambaa vyenye maji bila kuziba tundu la pumzi, kuwatuliza watu, na kutomvuta kwa mkia. Haya hayapendezi kwenye skrini, ila ndiyo yanayompa mtaalamu nafasi ya kufanya kazi.

Itazameni Big Miracle, ikiwezekana na wadogo zenu. Watacheka, pengine watalia. Ikifika mwisho, watu wanapiga makofi, muulizeni mmoja wao: tutajuaje kama walifika?